Nina imani yangu, kanisa la nini?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lilelile kwa njia mbalimbali: mtu akishamwamini Mungu moyoni, kanisa linamwongezea nini? Nimechagua chache.

Mwalimu, mimi nasali na kusoma Biblia kila asubuhi. Kanisani nakutana na umbea na mahubiri yasiyoisha. Kwa nini nisibaki nyumbani na Mungu wangu?

Sala yako ya asubuhi usiiache hata kidogo. Yesu mwenyewe aliagiza kwamba usalipo uingie chumbani na kufunga mlango (Mathayo 6:6), na anayesali kanisani tu, nyumbani hasali, ana upungufu mkubwa kuliko wako. Lakini fungua pia Luka sura ya 4. Siku ya sabato Yesu aliingia katika sinagogi "kama ilivyokuwa desturi yake". Wale aliosali nao siku hiyo walighadhibika, wakamtoa nje ya mji, wakampeleka ukingoni mwa kilima ili wamtupe chini. Mistari michache mbele yuko Kapernaumu, siku ya sabato, anafundisha tena. Hakuacha kukusanyika na watu kwa sababu ya ubaya wa watu.

Katika karne ya 4 askofu Basili wa Kaisaria aliandika kanuni za watawa, akakataa wazo kwamba kuishi peke yako ndiyo njia bora. Bwana aliwaosha wanafunzi miguu, alisema; wewe unayeishi peke yako, utamwosha nani? Utamhudumia nani? Utakuwaje wa mwisho wakati hakuna mwingine? Sijaona aliyemjibu Basili vizuri.

Nikisali peke yangu nachagua zaburi niipendayo, nawaombea niwapendao, namaliza nikichoka. Kanisani naketi na mzee mmoja ambaye macho yake yamefifia. Wimbo ukitajwa ananisogezea kitabu. Namnong'oneza mstari wa kwanza wa kila ubeti, naye anaudaka na kuuimba kwa sauti kuliko sisi sote. Mwanangu alipougua, mzee huyo ndiye aliyekuwa akiniuliza habari zake kila Jumapili kabla hata salamu hazijaisha. Mimi sikumchagua, wala yeye hakunichagua. Watu wa namna hiyo huwapati chumbani.

Si kweli kwamba madhehebu, vyeo na kanuni ni mambo ya wanadamu tu?

Mengi ni ya wanadamu, na yanaweza kubadilishwa. Waquaker, kundi la Wakristo lililoanza Uingereza katikati ya karne ya 17, waliondoa makasisi, sakramenti na utaratibu wa ibada uliopangwa. Walichobakiza ni kukutana: waliketi pamoja kimya, wakimngojea Roho. Walikuwa tayari kufungwa gerezani kuliko kuacha mikutano hiyo. Kwa hiyo pima kanuni za kanisa lako bila woga, lakini usidhani kwamba kukusanyika kwenyewe ni mojawapo ya zile kanuni.

Fedha za ujenzi zilipotea kanisani kwetu. Tuliouliza tuliitwa waasi. Sijarudi tangu hapo. Je, nimemwacha Mungu?

Hapana, dada yangu. Na pole sana.

Mtume Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuusafirisha peke yake. Alitaka wawepo wenzake waliochaguliwa na makanisa, mtu asije akamlaumu juu ya fedha hizo, akaeleza kwamba anaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu (2 Wakorintho 8:19–21). Ikiwa Paulo alikubali kusimamiwa, hakuna mchungaji, padri wala askofu aliye juu ya kuulizwa hesabu. Anayemwita muumini mwasi kwa sababu ameomba kuona daftari la matoleo ndiye anayelidhalilisha kanisa.

Kama bado una nguvu, ulizeni tena mkiwa kadhaa, kwa maandishi, na nakala iende kwa viongozi wa ngazi ya juu. Wakiendelea kukataa, tafuta kanisa lingine ambalo mapato na matumizi husomwa mbele ya waumini. Na niseme hili kwa yeyote anayesoma: pale ambapo mtoto au mtu mzima amedhulumiwa mwili wake, jambo hilo ni la polisi kwanza. Kamati ya kanisa haina mamlaka ya kulizima.

Mama yangu hawezi tena kutembea, anafuata ibada kwenye simu. Jirani anasema haihesabiki.

Jirani amekosea. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa kale, akieleza ibada ya Jumapili katika miaka ya 150 baada ya Kristo, anasema kwamba mkate na divai vikishagawiwa, mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo. Mchango wa siku hiyo ulikwenda kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mgonjwa hakuambiwa ajikokote. Kanisa lilimfuata alipo. Mwambie kiongozi wenu kwamba mama anahitaji Meza ya Bwana nyumbani, na aombe watu wawili wawe wanamtembelea. Simu imletee mahubiri, lakini haitamshika mkono.

Wewe mwenye miguu yako miwili ni habari nyingine. Ukizima simu katikati ya ibada, hakuna atakayejua kwamba haupo.

Nimesikia wanaokwenda kanisani huishi miaka mingi zaidi. Ni kweli?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 nchini Marekani. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufariki iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa, na msaada wa watu wengine ulikuwa mojawapo ya sababu. Ni utafiti wa kundi moja, wala hautoi ahadi kwa mtu yeyote. Nisingemshauri mtu aende kanisani kwa ajili ya afya.

Nimekaa miaka mingi bila kwenda. Nataka kurudi, ila naona aibu.

Usianze na sikukuu kubwa wakati watu wamejaa na kila mmoja anageuka kuangalia. Anza na ibada ya alfajiri au ya katikati ya juma yenye watu wachache. Keti popote. Huna deni la kumweleza mtu ulikuwa wapi. Akikuuliza, mwambie umefurahi kumwona. Ukishindwa kuimba, sikiliza wenzako wakiimba. Kabla ya kuondoka msalimie mtu mmoja, umuulize jina lake, na Jumapili inayofuata umtafute.