Paa, mvua za Machi na karatasi za bima

Kampuni ya bima hulipa hasara ya dhoruba, hailipi uozo. Mkadiria hasara akifika baada ya upepo, hutazama kwanza kama misumari ilikuwa imeliwa na kutu na mbao zimeoza, na akikuta hivyo fidia huanza kupungua. Kwa hiyo kulinda nyumba na kulinda dai lako ni kazi moja. Kwa wakazi wa Kampala, Masaka na Jinja, ifanyike Februari na Agosti, kabla ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba. Walioko Gulu na Lira wawe wamemaliza kabla ya Aprili.

Anzia pembezoni mwa paa. Upepo huling'oa bati kwa kulinyanyua, na nguvu yake ni kubwa zaidi kwenye kingo na pembe. Dirisha likiachwa wazi upande unakotoka upepo, hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini, basi funga madirisha na milango mawingu yakianza kuwa meusi. Tatizo jingine ni joto: bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na miaka ikipita tundu la msumari hupanuka na mpira wake hupasuka. Usiugongelee msumari uleule. Ung'oe, weka skrubu nene zaidi yenye mpira mpya, kwenye mgongo wa bati, si bondeni yanakopita maji. Kwenye kingo funga kila mgongo wa pili. Ukinunua bati jipya, kumbuka geji 32 ni jembamba kuliko 28. Wauzaji wengine hukaa kimya hapo.

Hata hivyo, bati lililofungwa vizuri haliokoi nyumba ikiwa kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimekaa tu juu ya ukuta. Paa zima huondoka na mbao zake. Ubao unaobeba kenchi ufungwe kwa mikanda ya chuma iliyojengewa ukutani, angalau kozi (safu za matofali) tatu chini. Kama nyumba imeshajengwa, fundi anaweza kuushika ubao huo kwa bolti zinazoingia kwenye lenta, ule mkanda wa zege ulio juu ya madirisha. Misumari peke yake haitoshi.

Maji nayo yana hesabu yake. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Gata likizibwa na majani ya mwembe, maji hayo yote humwagika kwenye msingi. Lisafishe, liinamie bomba la kushukia kwa sentimita 1 kila mita 3, na udongo uteremke kutoka ukutani. Anayeishi bondeni kama Bwaise, Kampala, aweke jokofu na soketi juu zaidi.

Kabla radi haijaanza kunguruma, chomoa plagi na pia waya wa antena, maana umeme huingilia huko pia; ikishaanza, usiviguse.

Sasa karatasi. Bima ya moto ya kawaida huenda isiguse dhoruba wala mafuriko mpaka iongezwe kwa maandishi. Soma hati yako. (Mwenye mkopo wa nyumba aulize benki: mara nyingi bima ipo, na mwenye nyumba hajawahi kuiona hati.) Kiasi cha bima kiwe gharama ya kujenga upya, bila thamani ya kiwanja. Ukipunguza ili ada iwe ndogo, utapunjika wakati wa kulipwa: nyumba ya kujengwa upya kwa shilingi milioni 200 ikikatiwa bima ya milioni 100, hasara ya milioni 20 inaweza kulipwa milioni 10 tu, kwa kuwa uliikatia nusu, tena baada ya kuondoa sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Piga picha za paa, dari na vifaa kila msimu, na uhifadhi risiti za fundi. Paa likiondoka, piga picha kwanza, iarifu kampuni kwa maandishi siku hiyohiyo, kisha funika kwa turubai, kwa sababu hasara inayozidi kwa uzembe wako inaweza kukataliwa. Usiuze mabati yaliyochanika kabla mkadiria hajayaona. Usitie saini hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla hujaridhika na kiasi, kwani saini hiyo hulifunga dai. Mkishindwana, andika malalamiko kwa kampuni, kisha uyapeleke kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda, IRA, pamoja na nakala za barua zote.