Leza ikichonga hafifu, safisha kabla ya kuongeza nguvu

Mashine ya leza ikianza kuchonga hafifu, wengi wetu hapa Kampala hukimbilia kompyuta. Kazi iliyokuwa ikitoka safi kwa asilimia 35 ya nguvu inapandishwa hadi 45, baadaye 60, kisha mtu anapiga simu kuuliza tyubu mpya ni pesa ngapi. Mimi huitwa kutazama mashine za namna hiyo, kuanzia vyumba vya Nasser Road hadi karakana za mbao za Ndeeba, na mara nyingi nakuta tyubu ni nzima kabisa. Kilichochoka ni lenzi, vioo na maji.

Nazungumzia mashine za CO2 zenye tyubu ya glasi, hizi za wati 40 hadi 100 ambazo ndizo tulizo nazo wengi. Mwanga wake unatoka kwenye tyubu, unapiga vioo vitatu, halafu unapita kwenye lenzi na kukusanywa kuwa nukta moja. Uchafu ukikaa popote kwenye njia hiyo, unakula sehemu ya nguvu na kuigeuza joto. Sasa wewe ukiongeza nguvu, unachoongeza ni joto la kuunguza ule uchafu juu ya lenzi, na lenzi inapasuka. Tyubu nayo inasukumwa kuliko inavyostahili, na umri wake unapungua. Unalipa mara mbili kwa sababu ya masizi.

Tuanze na lenzi, maana hapo ndipo penye mambo.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, subiri ipoe. Tandika kitambaa laini chini ya kichwa cha leza kabla hujafungua chochote, kwa sababu lenzi ikikuponyoka hutaiona tena ikiwa nzima. Lenzi hizi si glasi. Nyingi ni zinki selenaidi, ndiyo maana zina ile rangi ya manjano iliyokolea, na unga wake ni sumu. Ikivunjika, vaa glavu na barakoa, okota vipande kwa karatasi iliyoloa, funga kwenye mfuko. Usichukue ufagio ukaanza kutimua vumbi.

Ukishaitoa, ishike pembeni na uinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Lenzi nzuri inang'aa sawasawa. Iliyochafuka utaona wingu katikati, au vidoa vya kahawia vilivyoganda. Kwanza puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, mate yataruka. Halafu dondoshea spiriti ya aisopropili, ile ya asilimia 99, acha ikae kidogo ilainishe uchafu. Chukua karatasi ya kusafishia lenzi au kijiti kipya cha pamba, pitisha taratibu mara moja, kitupe. Kama bado, chukua kingine. Ukirudia na kijiti kilekile unakwaruza lenzi kwa uchafu wake yenyewe. Usiisugue ikiwa kavu, na usitumie kona ya fulana hata kama umetoka kuifua. Unapoirudisha, upande uliobinuka uangalie juu, mwanga unakotoka. Ikigeuzwa, nukta inatanuka na utadhani mashine imekufa.

Kuhusu spiriti, watu hujaribu mambo. Sanitaiza ya mikono ina gliserini na inaacha utando. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingine hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye lenzi. Hata waragi nimeona ikitumika. Harufu ya karakana ilikuwa ya sherehe lakini kioo kilibaki na ukungu.

Vioo vinasafishwa kwa namna ileile, ila mkono uwe mwepesi zaidi. Vile vilivyopakwa dhahabu ni laini sana. Kioo cha tatu, kile kilicho kwenye kichwa, ndicho kinachochafuka upesi kwa kuwa kiko karibu na moshi. Baada ya kuvirudisha, bandika kipande cha utepe wa karatasi mbele ya tundu la kichwa, piga mpigo mfupi wa nguvu ndogo kwenye kila pembe ya meza, kifuniko kikiwa kimefungwa. Alama zote nne ziangukie mahali pamoja. Zikitawanyika, mpangilio wa vioo umehama na hakuna usafi utakaokusaidia mpaka uurekebishe.

Usafishe mara ngapi? Inategemea unachochonga. Akriliki ya vikombe vya mashindano na vibao vya majina haichafui sana. MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa, ina gundi, moshi wake unanata. Raba ya mihuri ndiyo adui mkubwa: inatoa unga mweusi wenye mafuta unaoingia kila mahali, na siku niliyochonga mihuri sifungi duka bila kusafisha lenzi. Pembe za ng'ombe wa Ankole zinanuka nywele zilizoungua na zinaacha utando wa njano. Lubugo nalo, kile kitambaa cha gome la mti, kwa uzuri wake wote, linatoa nyuzi laini zinazoshika moto haraka zikijikusanya chini ya meza ya sega, ile yenye matundu kama sega la nyuki. Kwa hiyo inua ile meza, toa vipande vilivyoangukia chini. Moto mwingi wa mashine hizi unaanzia huko, au kwenye bomba la moshi lililojaa masizi. Fungua bomba na feni, kwangua mabawa yake. Feni ikiwa chafu haivuti, moshi unabaki ndani, na lenzi uliyoisafisha asubuhi inarudi palepale.

Pampu ya hewa pia uiangalie. Hewa inayotoka kwenye pua ya leza ndiyo inayozuia moshi kupanda kwenye lenzi. Kama unatumia kompresa kubwa ya gereji, weka kichujio cha maji na mafuta katikati, la sivyo inanyunyizia lenzi yako oili.

Sasa maji. Tyubu inapozwa kwa maji yaliyochujwa madini, na hapa kwetu rahisi kupata ni maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Soma lebo kabla ya kulipa, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Maji ya bomba yanaacha ukoko wa madini ndani ya tyubu, tena yanapitisha umeme, na tyubu hii inaendeshwa kwa maelfu ya volti. Ukiona maji yameanza kuwa kijani, ni mwani. Yamwage, suuza tangi, jaza mapya, kisha lifunike lisipigwe na mwanga. Baada ya kujaza, tazama ndani ya tyubu kama kuna mapovu. Povu likikaa mahali pamoja, sehemu hiyo haipozwi na glasi inaweza kupasuka. Inua upande mmoja wa mashine kidogo au igeuze tyubu mpaka povu litoke.

Joto la maji nashauri libaki nyuzi 20 hadi 23. Kuna wanaoshusha hadi 15 wakidhani baridi zaidi ni bora. Msimu wa mvua, hewa ya Kampala ina unyevu mwingi, na tyubu ya baridi hivyo inatokwa jasho. Matone karibu na ncha ya umeme mkubwa yanafanya umeme uruke. Chila (mashine za kupozea maji) zenye feni tupu, zile zinazoandikwa CW-3000, hazina tatizo hilo kwa sababu haziwezi kushuka chini ya joto la chumba. Tatizo lake ni saa nane mchana wa Januari, chumba chenye bati juu. Maji yakikaribia 30, simamisha kazi. Na umeme ukikatika ukawasha jenereta, hakikisha chila nayo imepata umeme. Swichi ya mtiririko wa maji ipo kukulinda; fundi akikuambia aiunganishe moja kwa moja "isisumbue", yaani leza iwake hata maji yasipopita, mkatalie.

Reli zifute kwanza ndipo uzipake oili ya cherehani, kidogo tu. Oili juu ya vumbi jekundu la hapa inageuka tope. Mikanda ibonyeze kwa kidole, isilegee.

Jambo moja halisafishiki: ngozi bandia. Wateja huleta majalada ya shajara wakiapa ni ngozi, na mengi ni plastiki ya PVC. Ikiungua inatoa gesi ya asidi inayokula mapafu, reli na vioo. Nje ya duka, pasha waya wa shaba kwenye moto hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye kipande, urudishe motoni. Mwali ukiwa kijani, mrudishie mteja mali yake.

Utajuaje basi kama tyubu kweli imezeeka? Chukua ubao mmoja uleule, kila Jumatatu uchonge mraba mdogo kwa nguvu na kasi zilezile, andika tarehe na miliampea, yaani mkondo wa umeme wa tyubu, inayosoma mita. Mraba ukififia na miliampea zimeshuka, kagua kifaa kinacholisha tyubu umeme. Miliampea zikiwa zilezile, safisha lenzi na vioo, kagua mpangilio, pima joto la maji, chonga tena. Kama baada ya yote hayo mraba bado ni hafifu, hapo ndipo uulize bei ya tyubu.