Corona iliisha, mbona mimi bado silali?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni nesi huku Pwani ya Kenya, 2020 na 2021 niliwekwa wadi ya corona, yaani masaa 12 ndani ya yale magauni ya plastiki, jasho mpaka kwenye viatu, maji hunywi manake ukienda choo lazima uvue kila kitu na vifaa vyenyewe vilikuwa vya kuhesabu. Wagonjwa tulikuwa tunawageuza kifudifudi wapate kupumua, watu wanne kwa mgonjwa mmoja, na mgongo wangu haujakaa sawa tangu hapo. Lakini shida kubwa ni usiku, nasikia ile alamu ya oksijeni naruka kitandani. Mume wangu anasema corona iliisha zamani, matroni anasema unesi ni wito nivumilie. Au narukwa na akili?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hurukwi na akili. Ni kweli WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ilitangaza Mei 2023 kwamba dharura imeisha, ila uliyoyaona wewe hayakuisha siku hiyo, ubongo wako ulizoea kwamba mlio ule maana yake kuna mtu anakata roho, ndo maana unakuamsha mpaka leo. Kushtuka hivyo kukizidi mwezi ni dalili ya kiwewe, na kiwewe kinatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, wengine huongezewa dawa. Kama unaona haya kwa wenzako nenda hospitali nyingine kabisa, hakuna anayekujua.

Hiyo ya wito imeniuma. Manesi wa Kenya waligoma Desemba 2020 wakidai vifaa vya kujikinga na bima, na wale walikuwa na wito kama wewe, walitaka tu wabaki hai waendelee kuufanya. Hata WHO kwenye ICD-11, yaani orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, imeandika kuwa kuchoka kwa kupitiliza, ile wanayoiita burnout, kunatokana na kazi, kwa hiyo asikwambie mtu ni ulegevu. Omba kwa maandishi uhamishwe kitengo kwa muda, nakala ubaki nayo, na mgongo upeleke kwa fiziotherapia usiuzoee.

Mumeo naye sidhani ni mkatili, hakuwemo mle ndani basi. Mkae, umweleze mgonjwa mmoja tu, yule unayemuota sana. Na siku mawazo ya kujidhuru yakija, usingoje kliniki, mwamshe saa hiyohiyo akupeleke hospitali.