Paka anayekula nyama mbichi: pima mfupa, si kipande

Steki, moyo na firigisi peke yake havimtoshi paka. Vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na paka anayelishwa hivyo kwa muda mrefu huishia kutoa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Mtoto wa paka ndiye anayeumia haraka: huchechemea, hukataa kuruka, na mguu unaweza kuvunjika kwa kuanguka tu kutoka kwenye kochi.

Mfupa ndio unaompa paka kalsiamu hiyo. Hapa Dar, hata hivyo, wengi hukosea upande wa pili, wa kuzidisha mfupa, kwa sababu shingo na miguu ya kuku ni bei nafuu. Paka anahitaji mfupa kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya chakula chote. Asilimia hiyo ni ya mfupa wenyewe, si ya kipande chenye mfupa. Kipapatio kina mfupa karibu asilimia 46, miguu 60, shingo iliyochunwa ngozi 75. Kuku mzima ana kama 30, kwa hiyo hata kumsaga yeye peke yake na kumpa paka kila siku ni kuzidisha mara tatu.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa kilo moja ya chakula chenye mfupa asilimia 8 unataka gramu 80 za mfupa. Gawanya 80 kwa 0.46, unapata vipapatio gramu 175 hivi. Ongeza maini gramu 50, figo gramu 50, na nyama isiyo na mfupa gramu 725, ukichanganya na moyo kwa ajili ya taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula. Maini usizidishe, vitamini A yake hurundikana mwilini. Ukitumia shingo badala ya vipapatio, gramu 107 zinatosha. Mizani ya jikoni ni lazima. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoharibu.

Chukua kuku wa kisasa, kwenye soko la Kisutu au Shekilango. Huchinjwa akiwa mdogo na mifupa yake ni laini. Ya kienyeji ni migumu zaidi. Mifupa ya ng'ombe huvunja meno, na mfupa uliopikwa, wa aina yoyote, hupasuka vipande vyenye ncha kali. Mashine nyingi za buchani hazisagi mifupa, kwa hiyo iponde vizuri kwa nyundo. Ukishindwa, tumia unga laini wa maganda ya mayai, gramu 3 kwa nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa, kwa muda tu, kwani hauna madini yote ya mfupa.

Joto letu halisubiri: sahani ikae nusu saa tu, kisha itolewe. Friza haiui bakteria wa salmonela, basi osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni. Kwenye nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga, chakula kilichopikwa ni salama zaidi. Paka mwenye ugonjwa wa figo asipewe mfupa.

Kinyesi ndicho kitakuambia umepatia au la. Kikiwa kikavu, cheupe na cha kumeng'enyuka, punguza mfupa. Kikiwa laini na cheusi, mara nyingi mfupa ni mdogo au maini yamezidi. Badilisha asilimia 1 au 2, kisha subiri siku chache. Asipopata choo siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu huenda amezibwa mkojo, na huyo apelekwe saa hiyohiyo.