Kabla hujairusha video ya Makunduchi

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama uirushe kwenye kundi la familia ile video ya wanaume wanaochapana Makunduchi, uliyoletewa na maneno "vita vimezuka Unguja". Irushe, ila maneno hayo yafute. Ule si ugomvi, ni Mwaka Kogwa, sherehe ya nairuzi, yaani mwaka mpya wa Kishirazi, inayofanyika kila Julai. Hebu watazame mikononi: wameshika vigogo vya migomba, vile vibichi vyenye maji, vikikupata vinapasuka vyenyewe (maumivu yapo, nisikudanganye). Ndipo watu walipokuwa wakimalizia vinyongo vya mwaka mzima. Kina mama nao hupita wakiimba, na nyimbo nyengine usizipeleke kwenye kundi lenye wakwe zako.

Kitakachowashtua walio mbali ni kile kibanda cha makuti kinachochomwa moto. Kiandikie mstari mmoja tu kwamba ni mila, si nyumba ya mtu. Na muulize aliyekutumia imepigwa mwaka gani.

Au panda daladala ya Makunduchi Julai ukapige yako. Mgeni siku ile hakosi wali.