Kamera ya filamu kwenye ndege ndogo: maandalizi ya kuruka juu ya Tanga

Ndani ya Cessna hakuna muda wa kushughulika na kamera. Upepo unaingia dirishani, kelele za injini zimejaa masikioni, na ukikodoa macho kwenye pete ya lenzi Kisiwa cha Toten, kile cha kwenye ghuba ya Tanga, kimeshapita. Kila kinachoweza kuamuliwa kiamuliwe chini.

Anza na fokasi. Ukiwa futi 1,000 kila kitu kiko mbali, hivyo lenzi hukaa kwenye alama ya ∞, yaani mbali kabisa. Lakini lenzi nyingi ndefu, na za zumu pia, huzunguka kupita alama hiyo kidogo. Ukiisukuma hadi ikome, roli zima litatoka na ukungu na hutajua mpaka lisafishwe. Siku moja kabla, nenda Raskazone, lenga meli iliyotia nanga mbali, rekebisha mpaka kamba za mlingoti zionekane kali, kisha zungushia pete selotepu ya kitambaa. Ile nyembamba ya dukani huachia joto likizidi. Kunja ncha yake iwe kishikio kidogo cha kubandulia. Bandika pia pete ya tundu la lenzi (ile yenye namba za f/) na kitufe cha ASA, yaani wepesi wa filamu kuhisi mwanga, maana hivyo hugeuzwa na mkono wa shati bila mtu kujua.

Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500, na 1/1000 ni bora. Hesabu yake ni rahisi: ndege ikienda kilomita 150 kwa saa, inasogea takribani sentimita 33 ndani ya 1/125 ya sekunde, na sentimita 4 tu ndani ya 1/1000. Jua likiwaka vizuri, filamu ya negativu ya ASA 400 inataka f/8 kwa 1/1000. Ya ASA 100, f/4. Zote mbili zinazidisha mwanga kidogo, na negativu inapenda hivyo. Asubuhi mapema, jua likiwa bado chini, ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Kipimo kichukue kwenye nyasi za uwanja zilizopigwa na jua. Ukipimia bahari inayometameta, kamera itadanganyika na nchi kavu itatoka nyeusi.

Lenzi ya milimita 50 au 85 inatosha. Pana zaidi ya hapo inaingiza bawa na tairi. Ya 200 inakuza kila mtikisiko. Kwa nyeusi-na-nyeupe weka filta ya njano, inakata ukungu wa pwani kwa gharama ya stopu moja. Polaraiza, filta ya kukata mng'ao, iache nyumbani: ukipiga kupitia dirisha la plastiki huchora mabaka ya rangi.

Kwenye Cessna 172 nyingi, dirisha huzuiwa lisifunguke lote na mkono mdogo wa chuma. Skrubu yake ikitolewa, upepo wenyewe hulishikilia dirisha chini ya bawa. Kazi hiyo ni ya fundi wa ndege, kwa idhini ya rubani, si yako na bisibisi yako. Lenzi ibaki ndani ya ukingo wa dirisha, hudi (kikinga-jua cha lenzi) uvue, mkanda wa kamera uvae shingoni. Viwiko vibane mbavuni. Ukiegemeza mkono kwenye fremu, mtetemo wa injini unahamia moja kwa moja kwenye picha.

Kubadilisha filamu angani ni balaa. Beba kamera mbili zenye roli za picha 36, zote zimebandikwa sawasawa. Wenye kamera za 6x7, zile za fremu kubwa ya sentimita 6 kwa 7, wakumbuke roli ya 120 ina picha 10 tu, basi wapangane na rubani mizunguko kabla ya kupaa. Kama umelala chumba chenye AC, toa kamera nje saa nzima kabla, la sivyo kioo kitajaa mvuke.

Kuhusu saa, mkonge na bahari havikubaliani. Mistari ya mkonge inataka jua la chini, saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, kivuli kikiwa kirefu. Fungu la mchanga la Maziwe, mbele ya Pangani, linataka maji yaliyokupwa na jua la juu linalopenya hadi kwenye matumbawe. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukupwa karibu saa nne, wakati hewa inaanza kuitikisa ndege. Pesa zikiruhusu, ruka mara mbili. Zisiporuhusu, chagua kimoja. Safari ya katikati huharibu vyote viwili.

Ukishatua, roli zisibaki ndani ya gari juani hata kwa muda wa chai.