Redio ya intaneti na jasho la msanii

SWALI: Shikamoo mhariri. Mie na washkaji hapa Arua tunataka kufungua redio ya intaneti, laptopu tunayo, maiki tunayo. Sasa jamaa kaniambia nyimbo nimeshanunua, kwa hiyo napiga tu bila kulipa mtu. Kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa yako kakudanganya, ukinunua wimbo umenunua kusikiliza wewe na nyumbani kwako, kuurushia watu ni habari nyingine kabisa. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mtunzi na pia aliyeimba na aliyerekodi, yaani wimbo mmoja wenyewe wengi! Anzeni na UPRS, ndio chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi (malipo yao kazi zao zinapotumiwa), halafu muulize na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kuhusu kibali maana tangu 2018 wanataka hata warushaji wa mtandaoni wajisajili.

Mkipata wasikilizaji Marekani hesabu inabadilika, kule redio za mtandaoni kwa kawaida hulipa kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji, mkipendwa zaidi bili nayo inapanda (ajabu eti, redio za kawaida za kule hazimlipi mwimbaji kitu).

Mie ningeanza na wasanii wa hapohapo Arua, kwa ruhusa ya maandishi.